Nilimpa Ufunguo wa Chumba Kumi na Saba

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya mkufunzi, nina hakika naitwa kufukuzwa. Nisiwaweke roho juu bure. Sikufukuzwa.

Laiti ningefukuzwa siku ile.

Kwa msomaji aliyenikuta leo, nijieleze kidogo. Nilishona sare za shule miaka kumi na moja mpaka karakana yetu ikafungwa. Mwaka huohuo nikafiwa na mume. Nikahamia kwa wifi yangu na wanangu wawili na cherehani isiyo na mkanda. Ndipo ofisi ya utalii ya ukanda wetu wa pwani ilipotangaza mafunzo ya wiki sita kwa watakaopokea wageni hotelini.

Wifi yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Uso umenuna tangu tumboni. Mgeni akikuona si atageuza na mabegi yake?"

Nilikwenda kujiandikisha kwa hasira.

Mkufunzi wetu tulimpachika jina la Mama Tabasamu, maana hakuna saa aliyofunga meno. Alitukataza maneno matatu mbele ya mgeni: sijui, hapana, haiwezekani. Akayachapisha kwenye karatasi kubwa na kuibandika mbele ya meza ya mapokezi ya hoteli tuliyofanyia mazoezi, kila anayeingia asome: "Hapa hakuna sijui, hakuna hapana, hakuna haiwezekani."

Basi siku ile ofisini akaniambia, "Dada, wiki hii ya mwisho utakaa mapokezi peke yako, zamu ya mchana. Nakuamini."

Nikataka kumkumbatia.

"Na usisahau mgeni wa siri," akaongeza.

Mgeni wa siri ni mtu anayetumwa na ofisi. Anajifanya mteja kama wateja wengine, anakuomba jambo gumu, anakutazama unavyohangaika, kisha anakwenda kuandika alama. Unaweza kumhudumia usijue ni yeye. Tangu Jumatatu kila aliyevuka ule mlango nilimwona mtahini. Hata muuza mayai nilimpa tabasamu la meno yote, akanitazama kwa wasiwasi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane kasoro robo mchana.

Hoteli ni ya ghorofa moja, vyumba ishirini na vinne, mbele bahari, nyuma uwanja wa kufulia. Meneja alikuwa kikaoni mjini. Mama Tabasamu alikuwa ukumbi wa chakula, anawafundisha wahudumu kukunja vitambaa vya mezani. Mimi nimerudi sasa hivi kutoka maliwatoni, nilikokuwa nikijitazama kwenye kioo na kujizoeza kutabasamu.

Nawaambia hilo la kioo kwa sababu nimeahidi kusema yote. Kila anayeingia zamu anatakiwa kwanza asome daftari la makabidhiano, lile ambalo mwenzako wa zamu iliyopita anaandika mambo ya kuangalia. Mimi siku ile sikulifungua. Nilikwenda kwenye kioo.

Akaingia mwanamume mmoja. Shati jeupe limenyooshwa vizuri, viatu havina vumbi, mkononi ameshika maua yaliyofungwa kwenye nailoni.

"Pole na kazi, dada."

"Asante, kaka. Karibu sana. Nikusaidie nini?"

Alisoma ile karatasi yetu. Aliisoma taratibu, kisha akatabasamu.

"Nina ombi gumu kidogo," akasema.

Ndiye huyu.

"Mke wangu yuko hapa na binti yetu wa miaka sita. Leo tunatimiza miaka tisa ya ndoa. Yeye anajua niko safarini. Nataka nimshtukize. Lakini sijui chumba."

Mke na binti wa miaka sita. Hotelini alikuwapo mmoja tu, mama wa chumba kumi na saba, aliyeingia Jumamosi na begi moja. Mpole, haongei, chakula anakula chumbani.

Nikasita. Nikiri kwamba nilisita.

Akaona. "Najua mna taratibu zenu. Kama haiwezekani, nitaelewa."

Jamani, hilo neno. Angesema jingine lolote ningefikiri. Nililiona kama mtego wa mtihani, nami nikajiona mjanja wa kuuruka.

"Kwetu inawezekana, kaka. Chumba kumi na saba, juu, mwisho wa ujia upande wa kushoto."

"Na kama wamelala? Nisingependa kugonga, nitaharibu."

Nikageukia ubao wa funguo. Nikachukua ufunguo wa akiba wa kumi na saba. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.

"Hongereni kwa miaka tisa," nikamwambia.

Alipanda ngazi bila haraka. Mimi nikakaa, nikajipa alama mia kwa mia.

Haikupita dakika kumi mlango wa mbele ukafunguka. Akaingia mama wa kumi na saba kutoka nje, anahema, ameshika kifuko cha duka la dawa.

Nilishangaa kidogo, nilidhani yuko juu. Kumbe alitoka nikiwa kwenye kioo changu.

"Hongera, dada," nikamwambia.

"Hongera ya nini?"

"Miaka tisa. Siku hizi si mchezo."

Akasimama. "Miaka tisa ya nini?"

"Ya ndoa. Mumeo kafika, yuko juu anakusubiri. Jifanye hujui, ameleta maua."

Kile kifuko kikamtoka mkononi. Chupa ya dawa ikagonga sakafu, haikuvunjika, ikabiringika mpaka chini ya kiti.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alizunguka meza, akaja upande wangu, akakaa chini sakafuni mahali ambapo mtu wa mlangoni hawezi kumwona. Akashika sketi yangu.

"Umemwambia niko hapa?"

"Dada, alisema..."

"Umemwambia chumba?"

Akatazama ubao wa funguo. Chini ya kumi na saba msumari ulikuwa mtupu.

"Mwanangu yumo humo," akasema. "Ana homa. Nimemfungia nikimbie hapo ng'ambo nimletee dawa. Yumo humo, dada."

"Mwezi wa tatu alinivunja mkono," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetaja anwani. "Safari hii amesema atamchukua mtoto, na mimi ataniacha mahali nisipookotwa. Nilimwambia mwenzako. Nilimwomba aandike."

Nikafungua daftari la makabidhiano. Mwandiko wa mwenzangu, mistari miwili, amepigia chini mara mbili: *Chumba 17. Yeyote akimuulizia, hayupo. Asipewe mtu ufunguo. Ni suala la usalama.*

Nilisoma mara tatu, kana kwamba maneno yangebadilika.

Nikamwambia asubiri palepale. Nikaenda ukumbi wa chakula, nikamvuta Mama Tabasamu mkono mbele ya wanafunzi wake. Nilimweleza yote kwenye ujia, maneno yanagongana. Mwisho nikasema, "Nilidhani ni mgeni wa siri."

Akanitazama. "Mgeni wa siri alikuja Jumanne. Yule mzee aliyelalamikia mto mgumu. Ulifaulu."

Kwa mara ya kwanza nilimwona bila tabasamu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amechoka, mwenye hofu kama mimi.

Alipofika mapokezi na kumwona yule mama sakafuni, hakuuliza swali. Alipiga simu kituo cha polisi, akaeleza, akasikiliza, akakata.

"Wanatuma watu. Wamesema tusubiri na tusimchokoze."

"Sisubiri," akasema mama wa kumi na saba. Akaanza kuinuka. "Napanda."

"Ukipanda atakuwa nanyi wote wawili chumba kimoja," Mama Tabasamu akamwambia, amemshika mabega. "Sikiliza, mwanangu. Yeye anakutaka wewe. Maadamu hajakuona, atakaa pale akungoje. Wewe nitakutoa kwa mlango wa nyuma, wa kufulia. Nitakuvalisha aproni na kilemba cha wafagizi. Gari langu liko upande ule, utakaa ndani umejifunika mpaka polisi wafike."

"Na mtoto?"

Mama Tabasamu akatazama ngazi.

"Mtoto nitamleta mimi," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Mimi ndiye niliyempa ufunguo."

Jambo moja nimelirudia kichwani mpaka leo. Kati yetu sote watatu hakuna aliyeuliza huyo mwanamume anafanana vipi. Mimi nilisema mumeo, yeye akaamini, kwa kuwa hofu yake ilikuwa na sura moja tu.

Nikachukua taulo tatu kabatini. Simu yangu ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku la wanafunzi, maana zamuni haturuhusiwi simu. Nikapanda ngazi. Zipo kumi na nane, na ile siku nilizihesabu zote.

Nikagonga kumi na saba.

"Taulo safi."

Alifungua haraka kuliko nilivyotegemea. Ufunguo wa akiba ulikuwa unaning'inia kwenye kitasa kwa nje, kama alivyouacha alipoingia.

"Ah, dada yetu. Ingia."

Maua ameyatupa kwenye sinki. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, amejifunga shuka mpaka kidevuni, macho makubwa. Halii. Hilo la kutolia lilinitia hofu kuliko kilio.

"Mama yake yuko wapi?" akauliza yule mwanamume.

"Sijui, kaka."

"Nilidhani hapa hakuna sijui."

Akacheka kidogo. Mimi nikaweka taulo kwenye kiti. Taulo ya juu ikaanguka, nikaiokota, ikaanguka tena.

"Huyu mtoto ningempeleka chini kwa muuguzi wetu," nikasema. "Dakika tano tu. Hiyo homa isije ikapanda."

Akaacha kucheka.

"Nani kakwambia ana homa?"

Nilisikia kosa langu likitua katikati ya chumba kama sahani iliyovunjika. Mimi sikuwa nimemgusa mtoto. Sikuwa hata nimemkaribia.

"Macho, kaka," nikasema. "Macho yake yameiva. Mimi mzazi, naona."

Alinitazama muda mrefu. Mimi nikatabasamu. Wiki sita za kujizoeza, na hilo ndilo tabasamu lililonigharimu kuliko yote. Mashavu yalitetemeka, sijui kama aliona.

"Una watoto?"

"Wawili."

"Wakubwa?"

"Bado wanasoma shule. Wapo kwa wifi yangu."

"Wifi yako anakaa wapi?"

Aliuliza kwa upole uleule wa mapokezi. Pole na kazi, dada. Nilitazama zulia. Kulikuwa na alama ya pasi karibu na mguu wa kitanda.

"Mbali," nikasema.

"Mbali wapi?"

Simu yake ikatetemeka. Akaitoa mfukoni, akasoma, na uso wote ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo. Hakunitazama tena kwa maswali. Alijifunga vizuri kifungo cha mkono wa shati.

"Basi, dada. Umetusaidia sana leo. Kaa na mtoto."

"Unakwenda wapi, kaka?"

Akatoka. Mlango ukafungwa, ufunguo ukazunguka mara mbili upande wa nje. Nikasikia viatu vyake vikienda ujiani, halafu kwenye ngazi, na safari hii vilikimbia.

Nikaruka mpaka mlangoni, nikavuta kitasa. Nikagonga. Vyumba vya jirani vilikuwa vitupu, wageni wote saa zile wako ufukweni. Nikainua simu ya mezani na kubonyeza tisa, namba ya mapokezi.

Ikaita. Ikaita. Ikaita.

Hakuna aliyepokea. Wa kupokea ni mimi.

Nikaweka simu chini. Nikajiambia, tulia mwanamke, yule mama keshatolewa, yuko ndani ya gari la Mama Tabasamu amejifunika, huyu atazunguka mapokezi asione mtu, polisi watafika. Mtoto ninaye. La mtoto limekwenda vizuri. Nikakaa pembeni yake kitandani, nikamwekea mkono kwenye paji. Linachoma.

"Mama yuko wapi?" akauliza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

"Yupo salama, mama. Utamwona sasa hivi. Baba ameteremka kidogo tu, usiogope."

Akanitazama kama watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyekosea jambo rahisi.

"Yule si baba."

"Si baba?"

"Yule ni dereva wa baba."

Mkono wangu ukabaki kwenye paji lake. Nikaona lile shati jeupe, viatu visivyo na vumbi, ile subira ya mtu aliyezoea kungoja watu. Dereva.

"Na baba yuko wapi, mwanangu?"

Akatoa kidole kwenye shuka, akaonyesha mlango wa roshani.

"Yuko pale kwenye nguo. Dereva alinipeleka nje, akaniambia nimpungie mkono. Na yeye akanipungia."

Chumba kumi na saba hakitazami bahari. Ni cha mwisho, cha bei ya chini, kinatazama nyuma.

Nilifungua mlango wa roshani. Chini yangu kulikuwa na uwanja wa kufulia, kamba sita, mashuka meupe ya vyumba vyote yameanikwa, yanapepea. Mbele yake geti la bidhaa, liko wazi. Ndani ya geti, kando kabisa ya lile gari dogo la Mama Tabasamu, lilikuwa limeegeshwa gari kubwa la kijivu. Kioo cha dereva kimeshushwa nusu. Injini inanguruma polepole.

Pale mapokezi tulikuwa tumejipongeza kwamba tumemwachia adui ngazi za mbele. Sasa nikaelewa kwa nini yule mtu hakuwa na haraka. Alikaa chumbani aliposhindwa kumkuta mwenye chumba, akijua tutamtoa yule mama wenyewe, tena kwa nyuma. Na ule ujumbe wa simu ulitoka kwa mwenye gari: ameona mlango wa kufulia ukifunguliwa, dereva ateremke awazibie njia ya kurudi.

Nikawaona. Walikuwa wametokea mlango wa chumba cha kufulia, wanapita katikati ya mashuka. Mama Tabasamu mbele, amebeba kikapu tupu ubavuni. Nyuma yake mfagizi mmoja mwenye aproni ya buluu na kilemba, kichwa kimeinama, anatembea upesi kama alivyoelekezwa. Shuka la mwisho lilikuwa limewafichia gari la kijivu. Walikuwa na hatua kumi, kumi na mbili.

Nikafikiri nikiita, mwenye gari atajua ni wao. Nikafikiri nisipoita, watatokeza mbele ya kioo chake. Vyote viwili vilinijia mara moja, na mtoto nyuma yangu ameshuka kitandani, ameshika sketi yangu palepale mama yake alipoishika.

Hatua sita.

"Rudini," nikaita. Sauti ilitoka nyembamba, upepo ukaichukua. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote, mpaka koo likaniuma. "Rudini ndani. Yupo hapo."

Mama Tabasamu hakusikia, aliendelea.

Yule mama alisikia. Alisimama ghafla. Lakini yeye aliamini mumewe yuko chumba kumi na saba, na sauti ilitoka chumba kumi na saba. Akaliinua shuka la mwisho, akapita, akasimama mahali peupe ili aione vizuri roshani. Akamwona mwanawe.

Akageuka kabisa kututazama, mikono yote miwili imenyooshwa juu kwetu, na mgongo wake ameupa lile gari la kijivu, ambalo mlango wake ulikuwa unafunguka.